Miamba Myekundu Nyuma ya Mgongo wa Godbless

Godbless Swai aliendesha basi la umeme pale Barking, London, miaka minne mizima, na katika miaka hiyo hakuwahi kulichomeka kwenye umeme hata siku moja. Hili si la kumcheka. Kazi za watu zimegawanywa. Dereva anafika gereji, analipanga basi lake kwenye mstari, anatia sahihi, anachukua mkoba wake wa chakula, anakwenda zake. Wa kuchomeka wapo. Alfajiri akirudi analikuta basi limeshiba mpaka limetoa macho, kama mtoto wa tajiri anavyoukuta uji mezani asiulize nani aliyeukoroga.

Ila mdomo alikuwa nao. Watanzania wa huko wakikutana baada ya ibada, akishawekewa pilau na nyama ya kutosha, Godbless alikuwa akieleza habari za betri mpaka pilau inapoa. Eti siku moja alilitoa basi Barking akalifikisha Ilford kwa kugusa breki tu, likafika na chaji nyingi kuliko liliyoondoka nayo. Eti betri humjua dereva wake kama ng'ombe anavyomjua anayemkamua, ukimpa mgeni inabana. Watu walicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mkewe, Generosa. Alimjua mtu aliyeolewa naye. Yeye Mkatoliki wa Kibosho, bwana Mlutheri wa Machame, na kama ndoa ile ilipona vikao vya wazee wa pande zote mbili, basi uongo mdogo wa mezani usingeivunja.

Generosa alikuwa muuguzi. Kwenye chumba chao cha kunywea chai hospitalini palikuwa na kalenda ya picha za dunia, na mwezi mmoja wa kalenda ile ulikuwa na bonde la jangwani huko Amerika, limejaa miamba myembamba, myekundu, imesimama imebanana maelfu kwa maelfu kama watu kwenye foleni ya komunyo. Mwezi ule ulipokwisha, Generosa alikataa kalenda isigeuzwe. Wenzake wakamwacha. Hospitali nzima ikaingia mwezi mwingine, chumba cha chai kikabaki kule kule nyuma.

Halafu macho yake yakaanza. Kwanza alikuwa anagonga kona za meza. Kisha akawa hapokei zamu za usiku, maana taa zikipunguzwa wodini yeye alikuwa anapapasa kuta. Daktari wa macho akamchorea duara kwenye karatasi. Akamwambia, dunia yako itakuwa inaingia kwa tundu hili, na tundu litakuwa linapungua. Mchana wenye jua utaona, tena vizuri tu, ila kwa katikati. Jua likizama, hutaona kitu. Akamuuliza kama kuna mahali angependa kupaona.

Generosa hakuhitaji kufikiri.

Basi Oktoba, shule zilipofunga wiki moja, wakapanda ndege watu watatu: Godbless, Generosa na binti yao Marion, miaka kumi na sita, mzaliwa wa London, anayesikia Kiswahili chote hata kile cha kusengenya na kujibu kwa Kiingereza. Walitua Las Vegas. Mpango ulikuwa hifadhi tatu za jangwani kwa siku sita, na ile ya miamba Generosa aliiweka ya mwisho, kama mtu anavyosogeza mnofu pembeni ya sahani.

Gari la petroli lilikuwepo. Lilikuwepo, tena kubwa, jeupe, likiwatazama. Godbless akasema, "Mimi niliyeendesha umeme miaka minne nikapande petroli? Watu wa gereji wakisikia?"

Kijana wa kwenye kaunta akamuuliza kama amewahi kutumia gari la umeme, amweleze mambo ya kuchaji. Godbless hakumjibu kwa mdomo. Alitoa kitambulisho chake cha kazi, kile chenye picha na jina la kampuni ya mabasi, akakilaza juu ya kaunta kama mtu anayetupa karata ya mwisho. Kijana akakitazama, akafunga kijitabu chake cha maelezo, akampa ufunguo.

Siku nne za mwanzo Mungu aliwafunika. Hoteli walizolala zilikuwa na vijana wa kupokea magari. Unawapa ufunguo jioni, asubuhi unaletewa gari limejaa. Godbless aliona ndivyo dunia inavyokwenda. Wakaona bonde la chumvi lenye joto la kupikia makande bila kuni, ambapo mijusi, wallahi, inasimama kwa mguu mmoja ikipokezana na mingine kivuli cha jiwe. Wakaona vilima vya mchanga ambavyo Marion aliviteremka kwa makalio akicheka mpaka suruali ikatoboka. Generosa alizungusha kichwa taratibu kila mahali, kushoto, kulia, juu, chini, akiikusanya picha vipande vipande kwa lile tundu lake, halafu anatulia, anatabasamu. "Nimeipata," anasema. "Twendeni."

Siku ya tano ndiyo ilikuwa ya miamba. Siku ya sita ilikuwa ya ndege.

Waliondoka saa tatu asubuhi. Gari lilisema limejaa, na kwamba litafika. Lakini gari linapiga hesabu ya mtu mstaarabu, na barabara ile ni ndefu, imenyooka, na Godbless, aliyekwama kwa mwendo wa konokono kwenye barabara za Barking miaka yote hiyo, alikanyaga. Kiyoyozi kikawekwa mwisho. Nchi ikaanza kupanda, ikapanda, ikaendelea kupanda kama inataka kumsalimia Mungu. Namba ya betri ikawa inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Baba, tumebakiwa na asilimia kumi na nne," Marion alisema kwa Kiingereza chake cha Barking.

"Naiona."

"Simu inasema kuna mji hapo mbele, una pa kuchaji."

"Nilijua," alisema Godbless, ambaye hakujua.

Mji wenyewe ulikuwa duka, nyumba ya wageni, na upepo. Ilikuwa saa sita mchana. Ukutani mwa ile nyumba ya wageni palikuwa na kisanduku chenye waya, na Godbless akaegesha pale. Sasa ikawa kazi. Alizunguka gari mara mbili akitafuta mahali pa kuchomeka, akijifanya anakagua matairi. Marion ndiye aliyebonyeza kifuniko kikafunguka. Godbless akachomeka, taa ndogo ya kijani ikawaka, naye akapangusa mikono kwenye suruali kama aliyetoka kuzalisha ng'ombe.

"Mnaona? Nusu saa tunaondoka."

Marion alikuwa ameinamia kisanduku, anasoma. "Baba, hii ni ya polepole. Hii ni ya watu wanaolala hapa. Itachukua saa tano. Kule ng'ambo, nyuma ya duka, kuna zile za haraka."

"Umesoma wapi mambo ya umeme, wewe?"

"Imeandikwa hapa."

"Mimi ndiye dereva, Marion. Kaa na mama yako."

Wakakaa kwenye benchi la nje, wakala mikate waliyobeba. Nusu saa ikapita. Godbless akaenda kutazama: kumi na sita. Akarudi akasema inapasha moto kwanza. Saa nzima ikapita, ikawa ishirini na moja.

Generosa aliuelekeza uso wake mpaka akampata mumewe katikati ya tundu. "Baba Marion, tutawahi?"

"Tutawahi."

"Si unajua macho yangu jua likishazama."

"Najua, mama. Tutawahi, nakwambia."

Hapo ndipo penyewe. Kama angekuwa hakujua, angejisamehe, maana kutojua ni kwa kila mtu. Lakini pale alipokaa Godbless alikuwa anaona kwa pembeni ng'ambo ya barabara. Liliingia gari jekundu nyuma ya duka. Akashuka mzee mmoja mwenye kaptura, akachomeka waya mnene kama mkono wa mtoto, akaingia dukani, akatoka na kahawa, akaimaliza kahawa, akachomoa, akaondoka. Likaja lingine, la mama mwenye mbwa wawili. Mbwa hawakumaliza hata kukojoa, gari limeshashiba. Magari manne Godbless aliyahesabu. Kutoka alipokaa mpaka pale palikuwa hatua mia mbili. Kuvuka kulitaka maneno matatu tu, "Marion, ulisema kweli," na mtoto naye alikuwa amekaa pembeni yake, kimya, anasubiri kuyasikia. Angeyasema, wangechaji, wangefika saa tisa jua likiwa bado linachoma.

Hakuyasema. Alivunja kipande cha mkate akakitafuna muda mrefu mno.

Waliondoka saa kumi kasoro, na chaji ya kufikia kwa kubembeleza. Kiyoyozi kikazimwa. Mwendo ukawa wa mazishi, malori yakiwapigia honi na kuwapita, na mlima ndiyo kwanza unaanza. Generosa alikaa mbele, mikono mapajani, anatazama mwanga kwenye kioo. Ulikuwa mweupe, ukawa wa manjano, ukawa wa chungwa. Walipofika kwenye lango la hifadhi mlinzi aliwaambia wakimbie, jua limebakiza dakika chache. Waliegesha. Marion akamshika mama yake mkono, wakaipanda njia ya kuelekea ukingoni. Walikuwa hawajafika nusu yake jua lilipoanguka nyuma ya mlima.

Kwa macho ya watu wengine ule ndio wakati mzuri kuliko yote. Mwanga wa baada ya jua ulibaki angani, na bonde lote likawaka kwa chini kama makaa yaliyopulizwa. Watu waliokuwa pale ukingoni walinyamaza kama kanisani. Marion alifika kwenye uzio wa vyuma, akautia mkono wa mama yake juu ya chuma, akasahau kufumba mdomo.

Generosa alikuwa amesimama kwenye giza la kisima. Akazungusha kichwa kushoto, kulia, juu, chini.

"Tumefika?"

"Tumefika," alisema Godbless.

"Mbona ni giza?"

Godbless akawa ameupa uzio mgongo, anamtazama mkewe usoni, macho yale yaliyokuwa wazi kabisa yakihangaika. Angeweza kusema lolote pale. Angeweza kusema samahani. Alilolisema lilimtoka laini, kama yale ya kwenye pilau:

"Ni giza kwa wote, Mama Marion. Hata sisi hatuoni kitu. Tumechelewa sote."

Marion akageuka. Baba yake akamtazama, akatikisa kichwa kidogo. Mtoto akafunga mdomo.

Generosa alishusha pumzi. "Basi afadhali," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Akaupapasa mkono wa mumewe, akaupigapiga, yeye ndiye akimpa mwenziwe pole. "Usijali, baba. Tulijaribu." Nyuma yao simu ya Marion ililia mara moja, ile sauti ya kupiga picha.

London iliwapokea kwa mvua. Godbless akarudi kwenye basi lake. Wiki ya kwanza tu, alipomaliza zamu ya alfajiri, hakuondoka. Alimfuata Harrison, Mkenya wa kazi za gereji, yule anayeyapanga mabasi na kuyachomeka.

"Kaka Harrison, hebu nioneshe hiki kitu kinachomekwaje."

Harrison alimtazama kuanzia viatu. "Godbless. Si ni wewe ulienda Ilford na breki?"

"Nioneshe bwana."

Harrison akachukua waya, akauingiza, taa ikawaka. "Basi. Kwisha maneno. Ile nene ya haraka, ile nyembamba ya kulala nayo. Hata cucu, bibi yangu wa Nyeri, anaweza hii, na yeye huogopa redio."

Godbless akasema asante. Akauliza kama anaweza kujaribu mwenyewe. Akauchomoa, akauchomeka, akauchomoa tena. Harrison alikuwa na utani mwingine mdomoni, lakini alipomwona mtu mzima amesimama vile, waya mkononi, ameutazama utadhani ni nyoka aliyemuuma jamaa yake, akautia utani mfukoni na kwenda kuendelea na kazi.

Majira ya baridi yalikuwa mabaya kwa Generosa. Lile tundu daktari alilolichora likapungua kwa kasi kuliko walivyoambiwa. Kazi ya wodini akaiacha, akapewa ya simu, nayo akawa anaifanya nyumbani. Habari ya kurudi Amerika ilitajwa mara moja, Krismasi, kisha haikutajwa tena. Watu wakimuuliza juu ya miamba alikuwa anacheka: "Tulikuta giza, jamani. Sote watatu tumesimama pale kama mbuzi waliosahauliwa nje." Na jinsi alivyolitamka lile *sote watatu*, alikuwa kama mtu aliyejifunika shuka zito. Godbless kila akilisikia aliinuka kwenda kutafuta chumvi.

Februari, Jumapili moja mchana, Amisha akaja kumtembelea. Amisha alikuwa muuguzi mwenzake wa wodi ile, anakaa Hounslow, na safari ya kuvuka mji mzima alikuwa ameifanya akiwa na bakuli la kachori mapajani. Akataka kuona picha za safari. Marion akaunganisha simu yake na televisheni, ile kubwa ya sebuleni, na Generosa akasogeza kiti mpaka karibu na kioo, akawa anaipitia kila picha kwa tundu lake. Hii hapa chumvi. Huyu hapa Marion na suruali iliyotoboka. Wakacheka wote. Picha zikawa zinajibadilisha zenyewe.

Ikaja ile moja.

Chini ya picha palikuwa na Generosa kwa mgongo na Godbless kwa uso, mke ameelekea bondeni, mumewe ameelekea kwake. Ng'ambo ya uzio miamba yote, maelfu, myekundu, unaweza kuhesabu mmoja mmoja.

"Ndiyo ile ya kalenda!" Amisha alisema. "Kumbe mliiwahi!"

Generosa aliinua mkono, Marion akaisimamisha picha. Alikuwa anazungusha kichwa, taratibu, kona moja ya kioo hadi nyingine. Alichukua muda. Godbless akaenda dirishani.

"Simu za siku hizi," alisema, "zinaongeza mwanga zenyewe. Zinaona hata kwenye giza. Si ndiyo, Marion?"

Marion akaiweka simu mezani.

"Marion," mama yake aliita. "Mlikuwa mnaona?"

Marion alimtazama baba yake, na safari hii hakuzuiwa, maana Godbless alikuwa anatazama mvua. "Ndiyo, mama," alisema. "Tulikuwa tunaona."

Amisha akaikumbuka treni yake. Akavaa koti, akambusu mwenziwe, akaacha bakuli. Mlango ulipofungwa Generosa alikuwa bado kwenye kiti kile kile.

"Kunichelewesha ningekusamehe siku ile ile," alisema. Hakupaza sauti. "Nilijua toka pale kwenye benchi. Nilimsikia mtoto akikwambia. Nikasema, acha, ni mwanamume, atazunguka zunguka atafika. Lakini ungeniambia kuna nini mbele yangu, Godbless. Mdomo wote huo ulionao. Siku moja tu ulipokuwa na kazi, ukaufunga."

"Sikutaka uumie."

"Miezi minne nawaambia watu ilikuwa giza. Mmekaa mnanisikiliza."

Godbless akasogea, akachuchumaa mbele ya kiti, kwenye lile tundu, aonekane. "Nisamehe."

"Haya, niambie sasa. Ulikuwa umesimama pale. Kulikuwaje?"

Akafungua mdomo. Mtu aliyeweza kulitoa basi Barking mpaka Ilford kwa breki alifungua mdomo, na ndani hamkuwa na kitu. Alikumbuka uso wake yeye Generosa, mkono wake juu ya chuma, upepo ukichezea kitambaa. Alikumbuka vumbi kwenye viatu vyake mwenyewe. Bonde lilikuwa nyuma yake dakika zote zile, na hakuwa na uso wa kuligeukia.

"Sikutazama," alisema.

Generosa akatikisa kichwa polepole. "Na hilo pia unataka niliamini."

Lilikuwa la kweli. Lakini ndivyo alivyokuwa ameyatumia maneno yake, na lililobaki halikutosha. Akainuka, magoti yakilia, akaenda ukumbini kuvaa sare yake. Alikuwa na zamu ya saa kumi.

Akiwa anafunga vifungo alimsikia Marion akivuta kiti karibu na cha mama yake. Mtoto alianza kueleza, kwa Kiingereza, maneno ya Kiswahili yakiingia pale Kiingereza kilipokuwa hakitoshi. Kwamba miamba haikuwa myekundu tu, ilikuwa na mistari, myeupe, ya waridi, kama nyama ya mafuta. Kwamba ile ya mbele ilikuwa mirefu kama nyumba za ghorofa na ile ya nyuma imejificha mabegani mwa wenzake. Kwamba kulikuwa na njia chini kabisa, nyembamba, na watu wawili wadogo kama chawa walikuwa bado wanatembea.

"Walikuwa wanakwenda wapi?" Generosa aliuliza.

"Sijui. Walikuwa wanapanda kurudi."

"Na kule chini, lile pindo la miamba, lilikuwa rangi gani?"

Marion akafikiri, akaanza kueleza pindo.

Godbless alisimama nyuma ya mlango, mkoba mkononi, anasikiliza mahali alipokwenda. Muda wa basi lake ulikuwa unapita. Alikuwa na swali lake moja, kama miti ilikuwepo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona si zamu yake kuuliza. Akafungua mlango wa nje bila kuupigisha kelele, akatoka.